Soli za Buti Zinasema Carla Jean Amekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa makala ya filamu iliyotoka Ijumaa iliyopita. Ameandika kwamba Carla Jean, mke wa Llewelyn Moss katika filamu ya No Country for Old Men, hakuuawa. Hoja zake ni kuwa hatukusikia risasi, hatukuona damu, na mwanamke mwenyewe alikataa kuchagua upande wa sarafu, kwa hivyo muuaji alikosa la kumhukumia akaondoka zake. Makala ile nimeisoma mara tatu nikiwa kazini, na mara ya tatu nilimsomea kwa sauti mteja aliyekuwa akisubiri kiatu chake. Mimi nasema Carla Jean amekufa, na nina hakika nalo kwa sababu ambayo mwandishi hakuitaja hata kwa neno moja.

Mie ni fundi viatu. Nakaa Mchangani, mjini Unguja, kwenye baraza ya duka la vitambaa, tangu mwaka 1984. Kabla yangu alikaa hapo baba yangu, na msharasi ninaoutumia ni wake.

Kwa wasioiona filamu hii, ilitoka mwaka 2007. Waliitengeneza ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen, kutokana na riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2005, na mwaka 2008 ikachukua tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Mambo yake yanatokea Texas, karibu na mpaka wa Mexico, mwaka 1980. Moss ni mtu wa kawaida aliyekwenda kuwinda, akakuta maiti za wauza unga jangwani na mkoba wa dola milioni mbili. Akauchukua. Anayemwandama ni Anton Chigurh, aliyechezwa na Javier Bardem. Silaha yake moja ni mtungi wa hewa wenye mpira na chuma, kifaa cha machinjioni kwao cha kumwangushia ng'ombe kwa kumpiga kipajini. Nyengine ni bunduki iliyofungwa bomba la kunyamazisha mlio. Naomba msomaji alishike hilo la pili, nitalirejea.

Mwisho mwisho wa filamu Moss ameshakufa, na Carla Jean anarudi nyumbani kutoka kumzika mama yake. Anaingia chumbani, anamkuta Chigurh amekaa kwenye kiti, kivulini, anamsubiri. Hapa nisimame kidogo. Kwetu sisi, mtu aliyetoka kuzika mama hakuti nyumba tupu. Anakuta majamvi yametandikwa, wanawake wamejaa ukumbini, sufuria la wali liko jikoni kwa jirani, mtu anamshika mkono anamkalisha, mwengine anamletea maji. Hata mwenye ugomvi na nyumba ile huja siku hiyo. Carla Jean alifungua mlango mwenyewe, na aliyekuwemo ndani ni mtu aliyempa mumewe ahadi ya kumuua. Anamwambia alijua jambo hili halijesha. Wala hapigi kelele. Anakaa.

Chigurh anarusha sarafu, anaifunika kwa mkono, anamwambia achague. Anamwambia hiyo ndiyo nafuu pekee anayoweza kumpa. Carla Jean anakataa. Anasema sarafu haina la kusema, mwenye kuamua ni wewe. Picha inakatika. Tunatolewa nje, tunaiona nyumba kwa mbele. Chigurh anatoka mlangoni, anaegemeza mkono, anaangalia soli ya buti moja, kisha ya pili, halafu anakwenda kwenye gari yake. Hakuna muziki, hakuna neno.

Mara ya kwanza niliiona filamu hii mwaka juzi, kwenye flashi aliyonijazia kijana wa duka la simu, tena ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wasomaji wako wanazijua hizi. Mtafsiri anazungumza juu ya sauti za waigizaji, na pakiwa na kimya anakijaza kwa maneno yake mwenyewe, watu wa bandani wasije wakalala. Mtafsiri wa flashi ile, Chigurh alipotoka mlangoni, alisema: "Jamaa kalainika, kamwacha bibie, anakwenda zake." Alipoangalia mabuti akaongeza: "Anatazama asije akawa kakanyaga uchafu."

Nikaamini. Nikashusha pumzi, nikaenda kulala nimefurahi. Miezi mingi nikiulizwa na vijana wa maskani nikawa nawaambia ndiyo, yule dada kapona. Nadhani mwandishi wako naye aliipata hiyohiyo, kwa sababu neno "kalainika" liko katika makala yake.

Binti wa dada yangu anasomesha Kiingereza skuli ya sekondari. Siku ya pili ya Idd alikuja kunitembelea, mazungumzo yakafika hapo, akanisikia nikisema kapona. Akaniambia, "Mjomba, hapo hakuna mtu aliyesema kitu. Hapo pana kimya." Jioni akarudi na kompyuta yake, akaniwekea filamu yenye sauti ya asili, akakaa pembeni yangu akanitafsiria sentensi kwa sentensi. Tulipofika mlangoni akanyamaza kabisa. Ndipo macho yangu, ambayo siku zote yalikuwa yamesikiliza maneno ya mtu mwengine, yakaona soli. Nikamwambia, "Rejesha nyuma." Akarejesha. Nikamwambia tena. Alirejesha mara nne.

Mhariri, miaka arubaini nashika viatu vya watu chini juu. Mteja hunipa kiatu kwa uso wake, mie nakigeuza. Kiatu cha dereva wa daladala soli ya mguu wa kulia hulika mbele, penye kukanyagia mafuta. Cha mvuvi hukaa chumvi kwenye mshono, nyeupe kama unga wa muhogo. Na viatu vya wauza nyama wa Darajani navitambua kabla sijavishika. Damu ikikauka haibaki nyekundu. Inakuwa nyeusi, inaingia katika ule mfereji mwembamba baina ya soli na ngozi, inakamata kama lami. Ukiikwangua kwa ncha ya kisu inatoka kwa vipande vidogo vidogo kama maganda. Ukiitia maji ndipo rangi yake inarudi, na harufu inarudi nayo. Uzi uliolowa damu mara nyingi hauchukui muda mrefu, unaoza, na mwenye kiatu anarudi kwangu akilalamika kuwa nilishona vibaya.

Mtu haangalii soli zake ovyo. Jiwekeni barazani siku nzima muhesabu wanaopita, hamtomwona anayeinua mguu akatazama chini yake, ila awe amekanyaga kitu au anakhofu kuwa amekanyaga. Sote tumefundishwa tangu chuoni kuangalia viatu kabla ya kuingia msikitini, isije ikawa vimechukua najisi, na damu ni najisi. Aliyetoka katika chumba kikavu hana haja ya kutazama. Chigurh alikuwa ndani ya nyumba, sakafu safi ya nyumba ya mama wa watu waliotoka mazikoni. Kama alimwacha Carla Jean amekaa pale alipokaa, hayo mabuti alikuwa akiyaangalia kwa kitu gani?

Baada ya siku ile nikaiomba filamu nzima nikaiangalia tena kama fundi viatu, na hapo ndipo nilipoingiwa na khofu, kwa sababu filamu imejaa viatu kuanzia mwanzo. Mtu wa kwanza kuuawa ni askari kijana, ananyongwa kwa pingu kutokea nyuma, amelala sakafuni. Wamalizapo wanatuonyesha sakafu: imejaa michirizi myeusi ya visigino vya mabuti yake, mistari kwa mistari, jinsi alivyokuwa akipiga mateke akipigania roho yake. Kila fundi anaijua michirizi ile. Ni kisigino cha mpira mweusi kikiburuzwa kwa nguvu juu ya sakafu laini. Kwa hivyo tangu dakika za mwanzo tumeshaambiwa kwamba katika hadithi hii kifo kitaandikwa kwa viatu. Moss naye ananunua mabuti dukani na soksi nyeupe, na baadae anarudi duka lilelile ametoka hospitali, amevaa gauni la wagonjwa, na muuzaji anamuuliza mabuti yanakwendaje. Chigurh anapokwenda kuvamia chumba cha watu katika moteli anavua mabuti kwanza, anatembea kwa soksi, asisikike.

Lakini la kunikata maini ni moja. Kuna mtu anaitwa Carson Wells, naye alikuwa akimtafuta Moss. Chigurh anampiga risasi akiwa amekaa kwenye kiti chumbani hotelini. Wakati huohuo simu inalia. Chigurh anapokea, na anayepiga ni Moss. Wanazungumza. Damu ya Wells inaenea sakafuni, polepole, inakuja upande wake. Na yeye, sauti haijabadilika, anainua miguu yake yenye mabuti anaiweka juu ya kitanda, damu isimguse, anaendelea kuzungumza. Sasa sikilizeni anachozungumza. Anamwambia Moss alete zile pesa mwenyewe amwachie mkewe, na asipoleta basi mke atabeba dhamana sawasawa na yeye. Ahadi ya kumuua Carla Jean imetolewa katika sekunde zilezile ambazo mabuti yanainuliwa kuikimbia damu. Waliotengeneza filamu wameyafunga mambo mawili kwa uzi mmoja, wakakata, wakatuachia ncha. Ncha ya pili ni pale mlangoni.

Baada ya hapo nilitaka jicho la mtu ambaye hajui hadithi. Nilimwita muuza nyama mmoja jirani, mtu mzima, ambaye filamu si mambo yake. Nikamwonyesha kwenye simu kipande kile tu, mlango unafunguka, mtu anatoka, sauti nimeizima. Sikumwambia neno. Mguu ulipoinuliwa akasema, "Huyu katoka kuchinja." Nikamuuliza kajuaje. Akanitazama kama nimemuuliza jina la mama yake. Akasema, "Fundi, mie kila siku natoka mlangoni vile."

Sasa nijibu hoja za makala. Kuhusu risasi: nimeshasema bunduki yake imezibwa mlio, na sisi tuko nje ya nyumba, mbele, milango imefungwa. Kutosikia si dalili ya kitu chochote. Kuhusu damu kutoonekana: filamu hii ina mwendo wake, na mwandishi anayeandika habari za filamu kila wiki ilimpasa auone. Askari wa mwanzo tunamwona akinyongwa mpaka mwisho. Moss, ambaye ndiye tuliyefuatana naye njia nzima, hatukumwona akiuawa. Tunafika moteli pamoja na Sherifu Bell, yaani mkuu wa polisi wa kwao Moss, tumeshachelewa, tunamkuta Moss amelala sakafuni. Halafu mkewe, hata maiti hatuonyeshwi, tunapewa soli tu. Kila mauti yanaonyeshwa kidogo kuliko yaliyotangulia, kama mzee anayesimulia msiba na sauti inazidi kumpotea.

Kuhusu sarafu kuna la kuzungumza, na hapa namheshimu mwandishi. Ni kweli kuwa mwanzoni mwa filamu kuna mzee mwenye kituo cha mafuta, Chigurh anamlazimisha achague upande, mzee anachagua, anapatia, anaachwa na uhai wake. Kwa hivyo mtu anaweza kusema sarafu ndiyo kadhi wake, na kadhi asipoulizwa hakuna hukumu. Lakini mzee wa mafuta hakuwa na ahadi juu ya kichwa chake. Carla Jean alikuwa nayo, na Chigurh anamwambia wazi kuwa alitoa neno kwa mumewe. Hukumu ilikuwa imeshapita. Sarafu ilikuwa ni mlango mmoja wa kutokea, na yeye akakataa kupita mlango huo. Binti wa dada yangu, ambaye amekisoma kitabu, ameniambia kwamba mle Carla Jean anachagua, anakosea, anauawa, imeandikwa bila ya kuficha. Najua kitabu ni kitabu na filamu ni filamu. Ila waliobadilisha walibadilisha jibu lake, wakamfanya akatae, na hilo ni kubwa. Kama wangetaka kubadilisha na mwisho wake vilevile, wasingemgeuzia muuaji soli mbele ya macho yetu.

Nisije nikaonekana nataka kila mtu afe. Kuna mhasibu katika filamu hii, yuko ofisini wakati Chigurh anamuua bosi mbele yake. Anauliza kama na yeye atapigwa. Chigurh anamjibu inategemea, je, unaniona? Picha inakatika hapo. Yule sijui, na sitojifanya najua, kwa kuwa hatukuachiwa alama hata moja. Kimya cha mhasibu hakina kitu ndani yake. Kimya cha Carla Jean kina jozi ya mabuti.

Labda watu watauliza kwa nini fundi wa makamo yangu anaandika barua ndefu kwa mwanamke ambaye hayupo duniani. Nitasema. Kijijini kwa mama yangu, kaskazini, nilipokuwa mdogo, mvuvi mmoja alitoka na ngalawa yake wakati wa kusi. Ngalawa ilipatikana siku ya tatu imepinduka, tanga limejizungusha kwenye mlingoti. Yeye hakupatikana. Watu kwa huruma wakaanza kumwambia mkewe: kaonekana Mombasa. Mwengine akasema yuko Tanga, kaokotwa na jahazi la Lamu. Hakuna aliyemtakia ubaya. Kila mmoja alitaka alale usiku ule. Bi mkubwa yule hakukaa eda, hakuolewa, hakugawa hata shati. Kila jahazi likitia nanga anateremka pwani, anasimama na kanga yake kichwani, anahesabu wanaoshuka. Mie nimemwona kwa macho yangu, nimesimama kando yake. Miaka mingi ilipita mpaka kaka wa mumewe mwenyewe alipomkalisha chini, akamwambia: shemeji, tanga lilikuwa limejizungusha, na hakuna mtu wa ngalawa asiyejua maana yake. Akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Ndiyo mara ya kwanza watu walimsikia akilia kwa sauti.

Ndiyo maana nimeudhika na neno "kalainika". Ukimwambia mtazamaji kwamba Carla Jean kaachwa, umempa usingizi wa usiku mmoja, na umemnyang'anya Carla Jean jambo lake pekee. Mumewe alikuwa na pesa na bunduki. Wells alikuwa na ujuzi, alimjua muuaji kwa jina, na mwisho akamsihi kwa kumtajia pesa. Carla Jean alikuwa na nguo za msiba tu. Na yeye peke yake, katika filamu nzima, ndiye aliyemtazama Chigurh akamwambia usijifiche nyuma ya sarafu. Alilisema hilo akijua litamgharimu nini. Tukimfufua, basi alikuwa anabahatisha kama mzee wa mafuta, na akapatia.

Dakika chache baadae Chigurh anaendesha gari, taa ni ya kijani kwake, gari nyengine inakuja inamgonga ubavuni. Mfupa wa mkono unatoka nje ya ngozi. Mtoto mmoja anampa shati lake alifungie mkono, yeye anatoa noti, anaondoka kwa miguu kabla ya polisi kufika. Mwandishi wako anasema hayo ni malipo ya wema wa kumwacha mwanamke, kwamba roho yake iliokolewa. Mimi nilichoona ni mtu aliyetoka kusema kuwa kila kitu kina njia yake, na njia ikamwonyesha kuwa hata yeye hakuulizwa.

Ombi langu ni kwa watafsiri. Kazi yenu naipenda, bila ya nyinyi wengi wetu tusingeziona filamu hizi, na mama yangu alizifuata kwa sauti zenu mpaka siku zake za mwisho. Lakini pale Chigurh anapotoka mlangoni mpaka anapofika kwenye gari, ni muda mfupi mno, nyamazeni. Tuachieni tuone wenyewe.

Kijana wa duka la simu ameniambia mtafsiri wa flashi ile hupita kwake kila mwisho wa mwezi kuleta kazi mpya. Nimeacha ujumbe aje kwangu, nitamkaribisha chai. Muuza nyama ameniachia kiatu chake kimoja kilichokwisha, nikate ngozi ya viraka. Bado sijakikata wala sijakisafisha. Nimekiweka chini ya meza, ili siku mtafsiri akija nimgeuzie soli.

Wako,
Fundi Viatu,
Mchangani, Mjini Unguja